Fimbo ya Kupimia Wazima

Fimbo niliyopewa zahanati ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi nne kutoka chini hadi juu. Mtu anasimama wima, unaisimamisha ubavuni kwake, unaangalia utosi wake umeishia rangi gani. Rangi ya chini ni kidonge kimoja, inayofuata viwili, kisha vitatu, na aliyefika rangi ya juu anapewa vinne. Kila mtu anaongezewa na kile kikubwa cha minyoo. Mizani haihitajiki. Mtaalamu aliyetufundisha alisema kazi hii hata mtu wa darasa la saba anaiweza, halafu akatutazama, akaona sote ni wa darasa la saba, akaomba radhi.

Haya naandika kwenye daftari langu mwenyewe, si lile la zahanati. Nataka niyaandike bila kumwonea mtu, na mimi nisijipendelee. Sijui kama nitaweza. Kwa mwandiko huu huu nimeshaandika uongo mara tano, kwa hiyo atakayesoma ana haki ya kunitilia shaka.

Kijiji chetu kiko chini kidogo ya Mahurunga. Tunalima mihogo na korosho, na mpunga kidogo bondeni. Huku kwetu Ruvuma imeshakuwa pana na nzito, inakwenda taratibu kuelekea baharini. Usubi, vijinzi waletao upofu, hawapendi maji ya namna hiyo, wanataka maji yanayokimbia juu ya mawe. Ndiyo maana vidonge tunavyogawa sisi vinaitwa dawa za matende na mabusha, kwa sababu hayo ndiyo tunayoyaona kwa macho. Kwamba vile vinavyopimwa kwa fimbo ndivyo hivyo hivyo vinavyozuia upofu wa usubi, tuliambiwa kwenye semina. Nikaandika, nikapigia mstari, nikasahau.

Mtu wa kwanza niliyepaswa kumkumbuka alikuwa nyumbani kwangu. Ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mama alifariki nikiwa mdogo, huyu akanichukua, akanisomesha mpaka nilipoishia. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka kadhaa huko juu, mwendo wa siku nyingi kutoka kwetu, mahali Ruvuma inapopita kwenye mawe kwa kelele. Alilima ufuta na kuvua kwa ndoana kwenye maporomoko. Anasema kulikuwa na vijinzi vyeusi vyenye kibiongo, vinauma mchana, miguuni zaidi, na palipoumwa panatoa tone la damu. Alirudi na magunia mawili ya ufuta, redio, na kujikuna. Ufuta uliuzwa, redio ilikufa, kujikuna kukabaki. Alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ya miguu ikatoka madoa meupe. Kiunoni alikuwa na vinundu vigumu kama korosho ambayo haijabanguliwa, ukivigusa vinahama chini ya ngozi. Hatukuviita ugonjwa. Tuliviita vya huko juu.

Kazi yake nyingine, ambayo halipwi mtu, ni kupima maiti. Akifa mwanamume pale kijijini, mjomba anaingia ndani na ufito mrefu, anaulaza kando ya marehemu, anaukata kwa kisu kwa urefu wake na ziada ya shibiri. Ufito ule ndio unaokwenda makaburini, wachimbaji wanachimba kwa kuufuata, na mazishi yakiisha unaachwa hukohuko. Haurudi nyumbani. Na kwetu aliye hai hasimamishiwi fimbo. Hilo halijaandikwa popote, ila hata mtoto ukimfanyia hivyo kwa mchezo, mama yake atakurushia chochote kilicho karibu.

Sasa fikiria mimi, mpwa wa mpima maiti, siku ya kwanza ya kugawa dawa, nimesimama mbele ya ofisi ya kijiji, nimevaa fulana mpya ya kingatiba, fimbo mkononi.

Watu walikuwa wengi. Nikamwita wa kwanza. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mjomba anapima waliokufa," akasema mmoja kwa sauti, "mpwa anapima wanaongoja. Ukoo umejipanga huo!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Kisha wakaondoka, mmoja mmoja, na mama mmoja aliyebaki akaniambia, "Mwanangu, dawa naitaka. Hiyo fimbo yako ipeleke kwa aliyekupa. Mimi sijafa."

Nililala nikiwaza. Asubuhi nikaenda ofisini mapema na chaki, nikaisimamisha fimbo kwenye mwimo wa mlango, nikazihamishia alama zake zote pale, fimbo yenyewe nikaificha nyuma ya kabati. Mlango kila mtu anaupita, na haujawahi kumpima maiti. Watu wakaja. Wanasimama mlangoni kama wanaingia, natazama utosi, nawapa, wanameza, wanapita. Zahanati wakanisifu kwamba kijiji changu hakina aliyekataa. Sisemi nilikuwa na akili nyingi. Ila nilifurahi, na ile furaha ndiyo iliyoniponza.

Mjomba hakutaka kupita mlangoni.

"Ni mlango tu, Mjomba. Pita kama unaingia ofisini."

"Ofisini nina shida gani?"

"Hatua moja tu."

"Wenzangu waliopita pale wamepita mlango. Mimi nikipita nitakuwa nimepita fimbo, maana najua ulichofanya." Akacheka kidogo. "Siku yangu utanipima wewe, mpwa wangu, na utanipima mara moja. Usianze mapema."

"Basi nikukadirie kwa macho?"

"Kadiria. Mimi si mrefu, si mfupi."

Nikamkadiria vinne. Kanuni inasema mtu ameze mbele yako ndipo umwekee vema kwenye daftari. Yeye akasema hajala, vitamsumbua tumboni, niviweke juu ya kibao, akishakula atameza. Kusema haki, la kula kwanza hata sisi tulifundishwa. Nikaviweka juu ya kibao. Nikamwekea vema.

Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya kugawa, alinituma ndani nimletee kopo la ugoro. Nikafungua kopo silo. Vilikuwemo vidonge vinne vyeupe na kile kikubwa, vyote vimeshika vumbi. Nikafunika. Nikamletea ugoro wake. Siku ya kugawa nikamwekea vingine vinne juu ya kibao, nikamwekea vema.

Nimejiuliza sana kwa nini. Ningemwandika amekataa, msimamizi angekuja, mjomba angeitwa ofisini mbele ya watu kuulizwa kama mtoto. Hiyo ni sababu, na ni ya kweli. Lakini ilikuwepo nyingine: ningekuwa na mmoja aliyekataa, na mmoja huyo angekuwa mtu wa nyumbani kwangu. Hii ya pili sikuijua wakati ule, au niliijua nikaifunika pamoja na kopo. Sina hakika. Miaka mitano, vema tano.

Macho yake yalianza lini, hakuna anayejua, maana alificha. Tulijua siku alipokosea kipimo.

Alifariki jirani yetu, mtu mrefu kupita wote kijijini. Mjomba akaingia na ufito, akatoka nao umekatwa, tukaenda kuchimba. Tulichimba vizuri, tukasawazisha. Marehemu alipoletwa na kuanza kuteremshwa, hakuenea. Walijaribu kumkalisha hivi na vile, ikabidi wampandishe tena juu, wamlaze kwenye mkeka, watoto wake wamesimama pale wanaona.

"Mzee," mchimbaji mmoja akasema kutoka ndani ya shimo, kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, "kipimo hiki ulimpima nani?"

Tukachimba tena, watu wote wamesimama juani. Mjomba alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Nikamwendea.

"Ilikuwaje, Mjomba?"

"Mle ndani mna giza," akasema. "Na ile sanda nyeupe. Niliona imeishia mabegani. Kichwa sikukiona."

Siku ile ndipo aliponiambia kwamba kwa muda mrefu anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Katikati kuna kitu, pembeni hamna kitu, na bomba linazidi kuwa jembamba.

Kumbe alikuwa ameshanunua miwani mara mbili, kwa siri, kwenye duka moja la Mikindani, la Mhindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Safari ya tatu tulikwenda wote. Mwenye duka alikataa kumuuzia.

"Mzee wangu, hii ya tatu sikuuzii. Ya kwanza ulisema nzuri. Ya pili nzuri. Leo umeingia hapa umeisalimia kalenda."

"Nilidhani ni wewe umenenepa," mjomba akasema.

"Nimenenepa, ndiyo, lakini sijatundikwa ukutani." Kisha akaacha mzaha. Akatoka nyuma ya kaunta, akamshika mjomba mkono. "Nenda kliniki ya macho mjini. Miwani ninayo ya kila aina. Macho siuzi."

Tukaenda. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu. Mimi nilikuwa nimevaa ile fulana ya kingatiba, nadhani nilitaka tuheshimiwe. Alimmulika mjomba machoni kwa muda mrefu. Akamwuliza kama amewahi kuishi karibu na mto wenye maji ya kasi. Mjomba akamweleza habari za huko juu. Daktari akamtazama miguu, akamshika vinundu vya kiunoni. Nikaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyekaribia kukumbuka jina.

"Na huko kwenu dawa za kingatiba mnapewa? Zile za matende?"

"Tunapewa," mjomba akasema.

"Wewe unameza?"

Mjomba alijigeuza. Kiti chake kililia kidogo. "Mgawaji ni huyu hapa," akasema. "Mwulize yeye."

Daktari akanigeukia, akaisoma fulana yangu. "Anameza?"

"Anameza, daktari."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Imo kwenye daftari."

Nilitamka hivyo. Sikusukumwa na mtu. Daktari akasema mtu aliyemeza miaka yote hiyo, kama alikuwa na usubi, wadudu wangekuwa wamepungua sana, macho yasingeendelea kuharibika kwa kasi hii. Tuanze na jambo lingine, presha ya macho. Akaandika dawa ya matone, asubuhi na jioni, turudi baada ya miezi mitatu. Simlaumu. Wapo walioniambia baadaye kwamba angepima tu ngozi akajiridhisha. Labda. Lakini foleni ilikuwa imefika getini, na yeye alikuwa amepewa ushahidi na mtu mwenye fulana.

Njia nzima ya kurudi mjomba hakusema neno, nami sikusema. Yeye alijua hajameza. Mimi nilijua. Na sasa kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, au mimi ndivyo nilivyodhani.

Miezi ile sitaki kuikumbuka, lakini naiandika. Kumwekea mtu matone lazima umfungue kope kwa vidole, uiname, uso wako na wake vinakaribia kugusana, na hakuna mahali pengine pa kutazama. Asubuhi na jioni. Natia matone ya ugonjwa asio nao, kwa sababu ya maneno niliyoyasema mimi, na jicho linanitazama lisinione. Tone likiingia anasema, "Ahsante." Kila siku ahsante.

Alikuwa na desturi, akiamka, kabla hajainuka mkekani, anasema anachokiona. "Mlango uko wazi." Ule weupe wa mlango ndio uliokuwa umebaki, na tuliupima kila asubuhi bila kusema kwamba tunaupima. Mwanzoni alikuwa anasema hata kama kuku amepita. Baadaye kuku wakaacha kupita. Baadaye tena alikuwa anakawia kidogo kabla ya kusema mlango uko wazi, na mimi nimeshika bakuli la uji, siwezi kusogea mpaka aseme.

Sikuweza kwenda popote. Niliitiwa kazi ya ulinzi upande wa Mnazi Bay, kazi nzuri, nikakataa. Mikorosho yangu ya mbali ikaota majani mpaka shinani. Nikimwacha anatoka peke yake na bakora yake anajigonga. Nikikaa naye tunakaa kimya. Kulikuwa na neno moja la kutuondoa pale wote wawili, na nililijua, na kila nikilifikia mdomoni naona daktari ananigeukia, naona mjomba anaitwa ofisini, naona vema zangu tano.

Mke wangu ni Mmakua, hazunguki na maneno. Yaliyotokea kliniki nilikuwa nimemsimulia.

"We baba, hayo matone unamtilia ya nini?"

"Daktari kaandika."

"Daktari kaandika ulichomwambia."

"Punguza sauti, Mjomba yuko barazani."

"Macho ndiyo yanaondoka, masikio anayo. Anakusikia hata unavyopumua." Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua kichwa. "Unamwogopa nani, yeye au fulana?"

"Fulana kitu gani? Fulana naweza kuifanya dekio."

"Haya, ndoo ile pale. Deki."

Sikudeki.

Kisha akafariki mzee mmoja wa upande wa bondeni. Wakaja kumchukua mjomba, kwa heshima, ingawa wote walijua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia basi. Tulipofika, mjomba akakaa kwenye benchi nje, akanipa ufito.

"Ingia wewe," akasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Mle ndani kulikuwa na harufu ya karafuu maiti na ubani. Nikaulaza ufito kando ya yule mzee, nikaanzia kwenye nyayo, nikapapasa kwa kiganja mpaka utosini ili nisidanganywe na sanda. Nikaongeza shibiri. Nikatia alama kwa ukucha. Nikapima upya. Mara ya tatu alama ilikuwa pale pale. Nikaukata, nikatoka nao, nikauweka mikononi mwa mjomba. Akaupapasa mwanzo hadi mwisho.

"Umepima?"

"Nimepima, Mjomba."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Umepima kweli, au kama unavyonipimaga mimi kwenye daftari?"

Watu walikuwa karibu, sijui nani alisikia. Nikakaa kwenye benchi.

"Ulijua," nikasema.

"Siku ile kwa daktari ndipo nilipojua. Zamani zote nilidhani unaniandika nimekataa. Nilikuwa najisemea, mpwa wangu ana mtu mmoja aliyekataa, na ni mjomba wake, na amemwandika hivyo hivyo. Nikakuona mtu wa haki."

Hilo ndilo lililoniuma kupita yote, na bado linauma.

"Kwa nini hukumwambia daktari?"

"Nimwambie mpwa wangu ni mwongo, na amekaa hapo, amevaa fulana? Wewe je, kwa nini hukusema?"

"Nimwambie mjomba wangu anatupa dawa?"

"Sikuzitupa," akasema. "Zote ninazo."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka, kwenye msiba wa watu. Naye akatikisika mabega. Kisha akafuta machozi yaliyomtoka kwa kucheka.

"Kumbe mimi nakusitiri wewe, wewe unanisitiri mimi, na jicho linakwenda."

"Twende tukaseme, Mjomba."

"Watakunyang'anya fimbo."

"Waichukue."

Tulikwenda makaburini kwanza. Kaburi lilitosha. Kesho yake tukaenda mjini.

Daktari hakufoka. Labda ningependa afoke. Aliniuliza polepole, "Amemeza mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Na daftari?"

"Niliandika mimi."

Akaandika kwa muda mrefu. Akachukua kipande kidogo sana cha ngozi kiunoni kwa mjomba, kidogo kuliko punje ya mchele, akasema turudi asubuhi. Tukalala Rahaleo kwa shemeji yangu. Asubuhi daktari akaniita nichungulie kwenye hadubini. Niliona nyuzi nyembamba, zinajikunja na kujikunjua.

"Unaona nini?" mjomba akauliza kutoka kwenye kiti.

"Kama nyuzi. Zinacheza."

"Ndizo zinazoniwasha miaka yote?"

"Ndizo, baba," daktari akasema.

Nikamwuliza nililolala nalo: angemeza tangu mwanzo, angekuwa anaona? Daktari alifikiri kwanza. Akasema kilichokufa nyuma ya jicho hakirudi. Kingine huenda kingebaki. "Kiasi gani, sijui, na sitasema kitu ili ulale vizuri, wala ili usilale." Akamshika mjomba bega. "Kuna kilichobaki, ingawa ni kidogo. Hicho ndicho tunachokigombea. Dawa hii haiui wale wakubwa waliomo kwenye vinundu, inaua watoto wao, kwa hiyo ni kila mwaka, bila kuruka, miaka mingi. Sasa simama ukutani, baba, tukupime."

Ukutani kulikuwa na rangi zilezile nne.

"Kupimwa?" mjomba akasema.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema daktari akadirie tu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mjomba akanyoosha mkono, akanitafuta, akanishika kifundo.

"Nionyeshe ukuta uko wapi."

Nikampeleka. Akaegemeza visigino, akaegemeza mgongo, akavua kofia akanipa. Akanyooka kama askari. Midomo ilikuwa inasogea, nadhani alikuwa anasoma dua.

"Soma wewe," akaniambia. "Kwa sauti."

Nikasoma. Utosi wake uliishia rangi ya tatu. Miaka yote ile mimi nilikuwa namkadiria vinne.

"Vitatu," nikasema.

"Kumbe mimi mfupi."

"Kidogo, Mjomba."

"Na wewe ungenichimbia refu."

Akameza kimoja kimoja, akafungua kinywa, akatoa ulimi, daktari aone, na mimi nione. Siku tatu zilizofuata aliwashwa na kuvimba hata nikaogopa, lakini tulikuwa tumeambiwa itakuwa hivyo.

Nikaenda zahanati na daftari na fimbo. Muuguzi alinisikiliza akiwa anafunga vidonge vya mtu kwenye karatasi. Nikamwuliza nizifute vema zile? Akasema daftari halifutwi, niandike pembeni ya kila moja, hakumeza, na sahihi yangu. Nikaandika mara tano. Kisha akaniuliza, "Na wengine wangapi?"

Nikataka kusema hakuna. Nikakumbuka wawili walioniambia watamezea nyumbani, nami nikawaamini. Nikasema wawili, na zaidi ya hapo sijui. Akaichukua fimbo, akaisimamisha nyuma ya mlango wake, na mimi nikarudi nyumbani mikono mitupu. Nisiseme uongo, nilijisikia mwepesi.

Msimu ulipokaribia akaniita. Fimbo ilikuwa mezani. "Usidhani umesamehewa," akasema. "Nimewaomba watu wawili, wamekataa. Hakuna anayetaka kuonekana na hii fimbo kijijini kwenu." Nikarudi nayo. Kwa hiyo ninayo tena, na kila jina ninalolipigia vema naangalia koo la mtu kwanza, mpaka wananicheka, wananiita daktari wa meno. Mwaka huu mjomba ndiye aliyesimama wa kwanza mbele ya ofisi. Si kwenye mwimo, kwenye fimbo yenyewe. Kisha yule mama wa mwaka wa kwanza akasema, "Haya, kama mwenyewe kasimama," akajipanga nyuma yake.

Bomba halijapanuka. Kwa miezi hii halijazidi kusinyaa pia, na daktari amekataa kusema zaidi ya hapo. Bado namwongoza, bado siwezi kwenda mbali, na nadhani sitakwenda. Lile la ningesema mapema ninalo kila siku, na hakuna wa kunipunguzia.

Jana asubuhi nilifanya jambo ambalo sijui kama lilikuwa la haki. Niliamka, nikauacha mlango umefungwa. Nikasimama kando na bakuli la uji. Mjomba akaamka, akageuza kichwa upande ule, akakawia. Akakawia sana.

"Leo hujafungua," akasema.

"Sijafungua, Mjomba."

"Ulikuwa unanipima."

"Ndiyo."

Akainuka, akakaa, akanyoosha mikono kupokea bakuli. "Basi andika," akasema. "Mlango ulifungwa, akaona."

Nimeandika.